Kulea na kuzalisha samaki za sikilidi mu nyumba, kwa wale banaanza hapa Bukavu

Ukisimama pale Ruzizi inatokea mu Ziwa Kivu, hapa hapa kwetu Bukavu, ujue ile maji unaona iko na safari: inatoka metre 1460 hivi, inateremka mu mabonde, inafika chini ku metre 770 na kitu, njo inaingia Ziwa Tanganyika karibu na Uvira. Na haiendi mikono mitupu, inabeba chumvi ya Kivu, na sehemu kubwa ya chumvi yenye inafanya maji ya Tanganyika ikuwe vile iko inatokea huku kwetu. Ninaanzia pale juu batu mingi ya hapa banafikiriaga samaki za rangi mu akwariumu, ile sanduku ya kioo ya kulea samaki, ni kitu ya Ulaya, kitu ya ofisi kubwa na hoteli, kumbe samaki zenye batu ya Ulaya banalipia makuta mingi zinatokea pale chini Uvira, Makobola, Baraka, Kalemie, na maji yazo sisi tuko nayo ku mulango. Kitu tunakosa ni joto na uvumilivu, basi.

Sikilidi ni nini? Ni jamaa moja kubwa sana ya samaki. Tilapia yenye unakulaga na ugali ni sikilidi. Kuhe ya Tanganyika, ile kubwa yenye inaweza kufika sentimetre 80, nayo ni sikilidi. Mu Tanganyika peke yake kuko zaidi ya aina 200 na karibu zote hazipatikani fasi ingine mu dunia. Kitu inazitofautisha na samaki zingine ni ulezi: samaki mingi inatupa mayai na inaenda yake, lakini sikilidi inakaa na watoto, inawalinda, zingine zinawabeba mu mudomo. Njo maana mimi ninasema usichague samaki kwa rangi, chagua kwa namna inaleaga watoto, juu ile njo utaangalia kila siku miaka na miaka, na ile njo itaamua akwariumu yako ikuwe na ukubwa gani na utaweka nini ndani.

Kwa mutu anaanza ninapendekeza tatu tu.

Ya kwanza, na kwangu mimi ni ya kwanza kabisa, ni Neolamprologus multifasciatus, tunaiita multi. Kasamaki kadogo, dume haipiti sentimetre 5, dike ni ndogo zaidi, na inaishi ndani ya ganda ya konokono. Kule mu ziwa inatumiaga maganda ya konokono yenye jina Neothauma, zinalundikana chini mu muchanga kwa maelfu na kila familia inachukua fasi yake. Multi inachimba muchanga na mudomo, inalizamisha ganda mpaka inabaki tundu tu, na ukipitisha mukono inaingia ndani kama mutoto anajificha nyuma ya mama yake. Litre 50 inatosha kwa kundi ya sita ao nane. Hakuna samaki nyingine ya Tanganyika yenye itakupa furaha mingi mu maji kidogo vile.

Ya pili ni Neolamprologus brichardi, ile ya mukia yenye nyuzi ndefu, rangi ya kahawa kidogo na macho ya buluu. Jina inatokea kwa Pierre Brichard, Mubelgiji mwenye alifanya kazi ya kutuma samaki ya Tanganyika inje. Hii inafika sentimetre 8 hivi, inataka litre 120 kwenda juu, na majiwe mingi yenye kufanya mapango. Uzuri wake ni huu: watoto wakubwa habaondoki, banabaki kusaidia wazazi kulinda wadogo zao, unaweza kuona vizazi tatu ku jiwe moja, wa sentimetre 5, wa sentimetre 2, na tule tudogo twa juzi, wote pamoja na hakuna mwenye anamukula mwenzake. Ubaya wake ni kwamba fasi ikishakuwa yao, samaki ya familia ingine haina nafasi, itasukumwa pembeni mpaka ikufe. Kwa hiyo brichardi anakaa peke yake na familia yake.

Ya tatu ni Astatotilapia burtoni, wengine bado banaiita Haplochromis burtoni. Hii iko mu Tanganyika na mu mito na mabwawa ya pembeni, haiko samaki ya majiwe ya chini sana, njo maana ni ngumu kufa, inavumilia makosa ya mutu anaanza. Dume moja kwa dike nne ao tano mu litre 120. Mama anabeba watoto mu mudomo, nitarudilia pale chini.

Zenye utatamani lakini uziache kwanza: Tropheus, juu inakula majani ya juu ya majiwe tu, ukiipa chakula yenye mafuta tumbo inavimba na inakufa, na inataka kukaa kundi ya 15 kwenda juu. Frontosa, ile yenye kichwa ya nundu, nzuri sana lakini inafika sentimetre 30 na inataka litre 400. Na tilapia ya soko yenye mutu anakuletea nzima mu ndoo, ile weka mu etan, bwawa ya samaki, si mu akwariumu, mu mwaka moja itakuwa kubwa kupita kioo yako.

Na usichanganye. Ninajua macho inataka rangi zote, lakini sikilidi za Ziwa Malawi ni wakali na watafinya multi yote, na aina za karibu-karibu zinazaana zenyewe kwa zenyewe na unapata watoto wenye habana jina, hakuna mutu atajua tena ni samaki gani. Aina moja, akwariumu moja. Ukishajua ile moja njo utaongeza.

Sasa kioo. Kupiga hesabu ni rahisi, urefu mara upana mara kimo kwa sentimetre, gawanya na 1000, unapata litre. 80 kwa 35 kwa 40 ni litre 112. Ile ni kilo 112 ya maji tu, ongeza majiwe, muchanga na kioo yenyewe, unafika kilo 150, kwa hiyo ile meza ya televizio haitaweza, mwambie seremala akufanyie meza ya mbao nzito, na chini ya kioo uweke polisitireni ao kamusambi ka goma, ni kusema mupira, juu kioo ikikaa ku kajiwe kadogo inapasuka. Kioo ya milimetre 6 inatosha kwa kimo ya 40. Silikoni, ile gundi ya kuunganisha kioo, ikuwe ile ya kawaida yenye haina dawa ya kuua ukungu, juu ile dawa inaua samaki. Ikishapakwa iache wiki moja mbele ya kutia maji, hapana haraka. Na iwe na kifuniko, sikilidi zinaruka.

Ndani, anza na majiwe. Watu banaweka muchanga kwanza halafu majiwe juu yake, ni makosa, juu hizi samaki zinachimba usiku na muchana, zinachimba chini ya jiwe, jiwe inaanguka, kioo inapasuka. Jiwe ikae ku chini kabisa, kiisha umwage muchanga kuzunguka. Kwa multi muchanga mwembamba wa sentimetre 5 na maganda, tatu kwa kila samaki. Neothauma kama una mutu Uvira anaweza kukuokotea ku kando ya ziwa, ukikosa tumia maganda ya konokono ya shamba, zile za sentimetre 4 ao 5, chemusha dakika 20, toa kila nyama ya ndani, suuza mpaka haina harufu.

Maji. Hapa njo sisi wa Bukavu tuko na bahati na pia tuko na kazi. Tanganyika iko na pH (kipimo cha ukali wa maji, 7 ni katikati) kati ya 8.6 na 9.2, maji ya nguvu, yenye madini mingi, na Kivu nayo pH ya maji yake ya juu-juu iko pale pale karibu 9, ila chumvi ya Kivu ni kama mara mbili ya Tanganyika. Maji ya robine kwetu ni nyepesi. Kwa hiyo bidoni moja ya Kivu na bidoni moja ya robine, unachanganya, na unakuwa karibu sana na maji yenye hizi samaki zilizaliwa ndani. Lakini usiende kuchota pale karibu ya mufereji ao ya bandari ao fasi banafulia, maji ile iko na uchafu wa muji muzima. Mwambie mutu wa mutumbwi akuchotee mbali na kando, kiisha iache mu bidoni wiki moja. Maji ya robine iache siku nzima mu basani wazi, klori, ile dawa ya kusafisha maji, inatoka yenyewe.

Ukiwa mbali na ziwa, uko Bagira ama Panzi na kubeba bidoni ni shida, tumia robine na bikarbonate ya kupikia mandazi. Kijiko kidogo kimoja, gramu 5 hivi, kwa litre 40 inapandisha nguvu ya maji vizuri. Usitie yote siku moja kama samaki iko tayari ndani, gawanya siku tatu ine. Na changanya chokaa ya asili, majiwe ya chokaa ao maganda ya konokono yenye umeponda, uweke mu filtri, ile chombo ya kusafisha maji, inafanya kazi pole pole bila wewe kufikiri. Maji ya mvua peke yake hapana, ni nyepesi sana, pH inaanguka.

Kiisha joto. Tanganyika iko 24 mpaka 27, Bukavu usiku wa mwezi wa saba unajua mwenyewe, maji mu nyumba inashuka 19, 20. Samaki haitakufa siku ile ile lakini itasimama, haitakula vizuri, haitazaa, na magonjwa itaingia. Kwa hiyo rezistansi ya akwariumu, kifaa ya umeme ya kupasha maji, yenye iko na kipimo chake cha joto ni lazima, watt moja kwa litre moja, na kwa baridi yetu ongeza kidogo, litre 100 tia ya watt 150. Usijaribu rezistansi ya kuchemushia maji ya kuoga, ile haina kipimo, nilipoteza kundi nzima ya brichardi mu dakika chache tu mbele nijifunze.

Na umeme ikikatika? Inakatika, tunajua. Mambo tatu. Funika kioo pande tatu na polisitireni, pande ya nyuma iache hivyo siku zote, na usiku tia blanketi, maji ya litre 100 inashuka pole pole kuliko unavyofikiri. Chupa za plastiki zenye maji ya moto, zifunge vizuri na ziweke zinaelea ndani, badilisha kila saa moja. Na hewa: pompe ndogo ya batri ni kitu ya kuwa nayo mu nyumba, lakini kama hauna, chukua kikombe, chota maji, mwaga kutoka juu, dakika tano kila saa, watoto ya nyumba banapenda ile kazi. Na usilishe. Samaki mukubwa inaweza kukaa siku tatu bila kula, lakini chakula inaoza mu maji yenye haizunguke njo inaua. Wenye bako na pano ya sola na batri ya 12, pompe ya hewa inakula kidogo sana, iunganishe pale, rezistansi ndio itangoja umeme irudi.

Sasa ile sehemu yenye watu hawataki kusikia. Ukishajaza maji, usitie samaki. Ngoja. Wiki ine mpaka sita, na kwa baridi yetu inaweza kupita pale. Sababu ni hii: samaki inatoa amoniaki mu maji, na chakula ikioza inatoa amoniaki, ni sumu. Kuna bakteria yenye inaibadilisha kuwa nitriti, nayo sumu, na zingine zinabadilisha nitriti kuwa nitrati yenye haina nguvu sana. Zile bakteria hazipo siku ya kwanza, zinaota pole pole mu sponji ya filtri. Na kwetu sisi wa pH ya juu ni mbaya zaidi kuliko kwa wengine, juu ku pH 7 amoniaki ya sumu kabisa ni chini ya 1 kwa 100 ya ile yote, lakini ku pH 9 na joto ya 25 inapita 30 kwa 100. Amoniaki ile ile, maji ingine, kifo. Kwa hiyo tia filtri, tia rezistansi, tupa kachakula kadogo kila siku kama vile samaki iko, iache ioze. Kama unaweza kumutuma mutu anaenda Kigali akuletee karatasi za kupima, pima: amoniaki inapanda, inashuka, nitriti inapanda, inashuka, zote zikifika sifuri njo unatia samaki. Njia ya mukato ni moja tu, kumuomba mwenzako kipande ya sponji chafu ya filtri yake, ile uchafu ni mali, inapunguza wiki mingi.

Filtri yenyewe kwa kuzalisha, sponji na pompe ya hewa inashinda zote. Haivute watoto ndani, ni bei ndogo, na unaweza kujifanyia. Usioshe sponji na maji ya robine, klori inaua bakteria zako zote, iminye mu ndoo ya maji yenye umetoa mu akwariumu. Kila wiki badilisha robo ya maji, maji mupya ikuwe na joto sawa na ya ndani. Siku ya kuleta samaki, mufuko uelee kwanza, kiisha changanya maji pole pole kwa saa moja, usimwage maji ya mufuko ndani.

Chakula ni pale tuko vizuri. Sambaza, tule tusamaki tudogo twa ziwa, ikiwa kavu na haina chumvi, saga mpaka ikuwe unga, ni chakula nzuri kwa brichardi, multi na burtoni. Viluwiluwi vya mbu kutoka basani ya maji ya mvua, samaki inaingia wazimu, ila vuna kila siku na usiache basani zaidi ya siku tano, juu hautaki kulea mbu ya kukuletea malaria. Majani ya lengalenga yenye umetia mu maji ya moto kidogo, burtoni inaipenda. Nyama ya ngombe hapana, mafuta yake haiyeyuke ndani ya tumbo ya samaki. Kidogo mara mbili kwa siku, yenye inaisha mu dakika mbili.

Kuzaa: multi haitaji uifanye kitu. Weka sita ao nane, wape miezi, siku moja utaona mu mulango ya ganda tunukta tunacheza, ni watoto. Mama alitaga ndani, alipepea mayai na mapezi, na siku kumi hivi zimepita mbele ya wewe kuona kitu. Usitoe samaki hata moja. Usihamishe ganda kusafisha. Watoto banakula ule unga wa sambaza ukiwa laini kabisa kama poda, tia kidogo karibu na ganda.

Brichardi, nunua sita wadogo, waache bakue pamoja, bawili batachaguana. Siku utaona bawili banafukuza wengine ku kona, toa wale wengine haraka, siku ile ile, usingoje kesho. Mayai inapakwa ku dari ya pango, inaweza kufika 100 na zaidi.

Burtoni njo inatakaga macho yako. Dume yenye iko na fasi yake inavaa rangi, inakuwa buluu ao njano, kamusitari keusi ku jicho, na ikishindwa na dume ingine ile rangi inaisha mu dakika chache. Ku pezi ya chini nyuma dume iko na madoa ya rangi ya machungwa, sawa mayai. Dike anataga, anageuka haraka anaokota mayai na mudomo, anaona yale madoa, anataka kuyaokota pia, na pale njo anapokea mbegu ya dume. Kutoka saa ile hali kitu, wiki mbili hivi, utaona kidevu chake kimevimba na anatafuna hewa. Muache mu amani siku za kwanza, ukimukimbiza na wavu atatema mayai ao atayameza. Ku siku ya kumi umuhamishe pole pole, usiku, taa ikizimwa, mu kioo ingine ya litre 30 yenye maji ile ile na sponji ya zamani na kachungu ka udongo ka kujificha. Akiachilia watoto banaweza kuogelea tayari, na wakiogopa banarudi mu mudomo wa mama siku chache za kwanza. Kiisha mulishe mama vizuri wiki mbili mbele ya kumurudisha kwa dume, amekonda, ana haki ya kupumzika.

Watoto batakuwa mingi kupita fasi yako, na hapa ninaomba, kwa moyo wote: usibamwage mu Kivu. Kivu iko na sikilidi zake yenyewe, jamii ya Haplochromis, aina kama 15 zenye hazipo fasi ingine, na imekwisha kupokea wageni, sambaza yenyewe ililetwa kutoka Tanganyika karibu 1959, na samaki ingine ya Tanganyika, Lamprichthys, ilionekana mu Kivu mu 2006. Sambaza inatulisha, lakini hakuna mutu mwenye anajua mugeni mwingine atakuja kufanya nini, na Victoria iliona Sangara ikitiwa mule na mamia ya aina za sikilidi ikapotea. Hata maji ya kubadilisha mwaga mu shamba, mboga itakushukuru.

Gawia watu. Mutoto akifika sentimetre 2 na nusu, miezi tatu hivi, anaweza kusafiri. Usimulishe siku moja mbele. Mufuko wa plastiki mawili moja ndani ya ingine, maji sehemu moja, hewa sehemu mbili, funga na kamba ya mupira, tia mu katoni yenye nguo ndani, na umwambie mutu wa pikipiki asikimbie sana ku mashimo ya Kadutu.